Tunakuacha Uende

Dungannon, Alhamisi, saa moja jioni,
orofa ya pili juu ya kinyozi.
Mikono yetu inanuka klorini na kuku
hata baada ya sabuni mara tatu.
Bi Gráinne anaandika kitenzi kimoja ubaoni,
herufi tatu, hakina makuu,
kisha anakifunga mikia:
juu, chini, nje, mbali.

Pata juu: kuamka.
Pata chini: kuingiwa na huzuni.
Pata mbali na jambo: kukosa, usikamatwe.
Pata juu ya jambo: kupona.
Filomeno ananyoosha mkono.
Je, juu ya kuamka na juu ya kupona
ni juu moja?
Bi Gráinne anajikuna kichwa kwa chaki.
"Hapana," anasema. Halafu, "Sijui. Labda."

Watu wa hapa hudogosha kila kitu.
Benki wanakuomba kasahihi,
daktari wa meno anakuonya kuna kamchomo,
mwenye nyumba ameongeza kodi, kanyongeza tu,
pauni sitini.

Wiki yangu ya kwanza msimamizi alinifokea: jishike!
Nikashika mifuko ya aproni
nikidhani kuna mwizi.
Kumbe alitaka niache upuuzi.

Lakini sikia ya Zelinda Ximenes,
Novemba ile, kabla hajaanza kuja darasani.
Walimwita ofisini. Wakampa kiti, wakampa biskuti.
Mwanamume mwenye tai akaitazama meza, akasema:
tunalazimika kukuacha uende.

Aliyajua maneno yote.
Kuacha, alilijua. Kwenda, alilijua tangu Baucau.
Saa nane mchana, wenzake bado mkandani
wakikatakata mapaja,
na yeye anaachwa aende!
Akashukuru mara mbili. Akamwombea yule bwana baraka.
Akanunua samaki. Akafua mapazia.
Tuliporudi tukakuta nyumba inang'aa
na yeye anaimba jikoni,
na sisi, wajuzi wa Kiingereza cha miezi minne,
tukamwambia: una bahati.

Alfajiri, saa kumi na moja,
akasimama getini na kadi yake,
akiipitisha, akiipitisha tena,
taa nyekundu kila mara
kama jicho la mlevi.

"Kufukuzwa nakujua," alituambia,
"nimefukuzwa kwa lugha tatu.
Kule hakukuwa na harufu ya kufukuzwa."

Bi Gráinne aliposikia kisa hicho
aliweka chaki chini, akakaa juu ya meza
jambo ambalo hutukataza.
Akasema kuna maneno mengine ya namna hiyo.
Akasema mume wake, mwezi wa Machi,
alipita mbali.

Mzee Abílio, mwenye siku tisa tu tangu ashuke kwenye ndege,
akainua macho kutoka kwenye daftari
kwa adabu zote za kwao:
"Pole, mwalimu. Amepita kwenda wapi?
Anarudi lini?"

Tulimkanyaga mguu chini ya meza, watu wawili kwa pamoja.
Mvua ikagonga kioo.
Bi Gráinne akacheka, akaendelea kucheka,
akatoa leso, akaifikicha, hakuitumia.
"Hilo," akasema, "ndilo swali
ambalo jirani zangu wote wameshindwa kuniuliza."

Tunapoagana ngazini hutuambia: uweke ukiwaka.
Hakuna ajuaye kinachowaka ni nini.
Tunaitikia tu, tunafunga makoti.

Zelinda siku hizi anasafisha wodi hospitalini
na ana daftari lake mwenyewe.
Kushoto anaandika msemo.
Kulia, mahali ambapo sisi tunaandika maana,
anaandika aliyeusema alikuwa anatazama wapi.

Tunakuacha uende: meza.
Alipita mbali: dirisha.
Jishike: hakutazama, alikuwa anahesabu kuku.
Uweke ukiwaka: sisi,
mmoja mmoja, mpaka wa mwisho ateremke,
mkono wake ukiwa bado kwenye swichi ya taa.